Binti yangu anapiga kasia Ziwa Kivu: nimwache au nimzuie?

*"Jambo sana, Mtaalamu. Nakuandikia kutoka Himbi, Goma. Binti yangu wa pili ana miaka 19. Karibu mwaka mzima sasa, kila Jumamosi alfajiri anaenda ziwani na wenzake kupiga kasia kwenye kayaki. Kabla ya hapo alikuwa halali. Mlango ukigongwa kwa nguvu anaruka. Siku hizi analala, anakula, anacheka na wadogo zake. Lakini mama yake hana amani. Anasema ziwa lile lina gesi na siku moja litalipuka, na mazuku, ile hewa ya sumu, nayo ipo. Bibi yake anasema kila mwaka ziwa lazima lichukue mtu wake. Mimi ninaloogopa ni kwamba hajui kuogelea vizuri, na nikimwambia ananijibu, 'Baba, tunavaa jile za kuokolea.' Sasa kundi lao limemwambia anaweza kufunzwa awe kiongozi wa watalii, na ameanza kusema chuo kinaweza kusubiri. Nimwache au nimzuie?"*

Baba yangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Umefunga hofu nne katika kitambaa kimoja: gesi, kuzama, moyo wa mtoto, na chuo. Nitazifungua, ila sitazipa muda sawa, maana hazina uzito sawa. Ile inayozungumzwa nyumba nzima ndiyo nyepesi kuliko zote kwa mtu aliye kwenye kayaki. Ile uliyoitaja wewe kwa sentensi moja ndiyo inayoua watu ziwani humu.

Nianze na mama watoto, kwa sababu hofu yake ina msingi. Gesi ipo kweli, na ni nyingi kupita kiasi. Maji ya chini ya Kivu yamebeba hewa ya kaboni ambayo ikitolewa na kuachwa ipanuke ingejaza takriban kilomita za ujazo 300, na metani kama kilomita za ujazo 60. Na jambo analoliogopa limewahi kutokea Kameruni: usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos lilitapika hewa ya kaboni na kuua watu zaidi ya 1,700, wengi wakiwa wamelala nyumbani kwao. Kwa hiyo asichekwe.

Lakini angalia gesi hiyo inakaaje. Chukua chupa ya Fanta ambayo haijafunguliwa. Huoni povu hata moja, ingawa gesi imo, kifuniko kimeibana. Kifuniko cha Ziwa Kivu ni maji yenyewe. Kina chake kinakaribia mita 480, na kila mita 10 unazoshuka zinaongeza mbano unaokaribia ule wa hewa yote iliyo juu ya kichwa chako ukisimama pwani ya bahari. Tena maji ya chini yana chumvi nyingi zaidi, ni mazito, hayana haja ya kupanda. Upepo mkali wa kiangazi hukoroga mita 50 au 60 za juu, basi. Sehemu kubwa ya gesi iko chini ya mita 260. Kasia la binti yako linaingia majini chini ya nusu mita.

Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma, wewe huenda uliiona, ikamiminika hadi ziwani. Hata hiyo haikuvuruga tabaka za chini. Wanasayansi wanaendelea kulichunga ziwa, na upande wa Rwanda, Kibuye, metani inavutwa na kuchomwa kutoa umeme wa megawati 26. Siku kitu kikubwa kikitokea chini kule, mwenye kayaki na mwenye nyumba Himbi watakuwa hatarini pamoja. Kwa hiyo gesi ni sababu ya familia nzima kusikiliza matangazo ya OVG, kituo cha kuchunga volkano hapo Goma. Jumamosi ya binti haihusiki.

Mazuku ni habari nyingine, na hapo mama amelenga, ila amekosea mahali. Mazuku ni hewa ya kaboni inayotoka ardhini na kutuama mabondeni kwa sababu ni nzito kama mara moja na nusu ya hewa ya kawaida. Katikati ya ziwa upepo unaitawanya. Hatari iko pale wanapotua kupumzika: kwenye mashimo ya mawe ya lava ufukweni, kati ya Goma na Sake hasa, alfajiri kabla upepo haujaamka. Ghuba ya Kabuno nayo gesi yake iko karibu na uso wa maji kuliko ziwa kubwa, kwa hiyo si mahali pa wanaojifunza. Kanuni ni fupi. Hawatui wala kukaa mahali palipo kama bakuli. Wakiona ndege au mbuzi amekufa hapo bila jeraha, wanaondoka. Mtu akianza kuumwa kichwa na kuhema haraka, wanapanda juu mara moja. Na mwenzao akianguka ndani ya shimo, hakuna anayeruka kumfuata. Najua sheria hii ya mwisho ni ngumu kuikubali, lakini hewa ile haimwachi wa pili.

Sasa bibi. Anahesabu vizuri, sababu tu ndiyo imempotea. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiiona kutoka ufukweni. Ilikuwa imejaa kupita uwezo wake. Ukiongeza watoto wanaotumwa kuchota maji ziwani kwa sababu bomba la mtaani limekauka, na vijana wanaooga wakisukumana, unaona ziwa "linachukua" wapi: kwenye vyombo vilivyozidishwa mzigo, na kwa watu wasio na jile. Hilo linazuilika, na ndiyo maana binti yako akifunzwa vizuri atakuwa salama zaidi kuliko mtu anayepanda boti ya usiku kwenda Bukavu.

Akifunzwa vizuri. Hapo ndipo nataka tukae.

Watu wengi wanadhani anayezama hupiga kelele na kupunga mikono. Hapana. Ili upige kelele lazima uvute pumzi, na yeye hana pumzi ya kugawa. Husimama wima majini, mdomo unazama na kutokeza, mikono inakandamiza maji pembeni kama mtu anayepanda ngazi, na yote hayo huchukua chini ya dakika moja. Kimya. Jile inafanya kazi moja: inanyoosha dakika hiyo kuwa saa. Inaweka mdomo juu ya maji mpaka akili irudi na mwenzako akufikie. Kwa hiyo jibu la binti yako ni kweli, lakini ni nusu yake. Jile inakuzuia usizame. Haikurudishi kwenye kayaki, haikufikishi ufukweni, na haikutulizi moyo kama hujawahi kukaa majini bila kugusa chini.

Tena jile zenyewe, Baba, zinadanganya. Mwaka jana kijana mmoja aliniletea yake niione, rangi ya machungwa, inang'aa. Nilipoifinya ilitoa mlio kama biskuti. Povu la ndani lilikuwa limekauka na kukatikakatika kwa jua, na kishikizo kimoja kilifungwa kwa kamba ya kiatu. Tuliitupa majini na jiwe la kilo tano limefungwa humo: ikashuka nalo. Jile nzima ya mtu mzima haipaswi kushindwa na jiwe la namna hiyo. Fanya jaribio jepesi nyumbani: mvalishe, funga kila kishikizo, kisha simama nyuma yake uivute juu kwenye mabega. Ikipanda hadi masikioni, majini itamtoka au itamziba uso. Irudisheni.

Je, lazima ajue kuogelea? Kwa mgeni anayepelekwa saa moja kando ya ufukwe na kiongozi, si lazima. Kwa mtu anayekwenda kila Jumamosi, ndiyo. Kwa mtu anayetaka kuwa kiongozi wa wengine, sitaki hata kujadiliana. Simwombi aogelee kama wa mashindano. Namwomba aelee chali dakika kumi bila hofu, aogelee mita 200 bila kusimama, na aweze kumvuta mwenzake mwenye jile. Mwalimu mvumilivu anaweza kumfikisha hapo kwa miezi michache, mahali pasipo na kina, asubuhi.

Kisha kuna kupanda tena baada ya kupinduka, somo ambalo makundi mengi hulipita kwa sababu linalowesha nguo. Kayaki ya kukalia juu, ile isiyo na tundu la kuingiza miguu, ndiyo rafiki kwa anayeanza: haijai maji. Ikipinduka, unaigeuza, unakuja ubavuni mwake katikati, unashika kingo zote mbili. Kosa la kila mtu ni kujaribu kujivuta juu wima, kama unavyopanda ukuta. Kayaki inakugeukia tena. Unatakiwa ulaze mwili juu ya maji kwanza, upige miguu kwa nguvu nyuma yako mpaka uwe umelala kama samaki, halafu ujisukume uteleze kifudifudi juu ya chombo, kitovu kikae juu ya kiti. Pumzika hapo. Ndipo ugeuke ukae. Wengi wanashindwa mara tatu za mwanzo, na ni afadhali washindwe mita kumi kutoka ufukweni.

Najua ninalosema. Mwaka wangu wa pili wa kupiga kasia nilitoka Bukavu, kusini mwa ziwa, saa nane mchana, mwezi wa Julai, peke yangu, nikiwa na jile lakini sijawahi hata mara moja kujaribu kupanda tena. Kiangazi upepo unatoka kusini. Maji ya karibu na rasi yalikuwa laini kama meza, kwa sababu vilima vilikuwa vinanikinga. Nilipopita kivuli cha vilima upepo ukanishika mgongoni, nikafurahi, nikadhani nimekuwa hodari. Nilipogeuka kurudi nikagundua nilikuwa nasukumwa kuelekea kisiwa cha Idjwi, na mawimbi yanazidi. Nikapinduka. Nikapanda, nikapinduka tena, na mara ya tatu mikono ikakataa. Maji ya Kivu si baridi ya kuua, yako kwenye nyuzi 23 au 24, lakini yanakuibia joto polepole hadi vidole havifungi. Waliniokota wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, waliokuwa wanatoka na mitumbwi yao mitatu iliyounganishwa kwa miti. Walinicheka sana. Kisha mmoja akanivua shati lililolowa, akanipa lake.

Kwenu Goma, kaskazini, upepo huohuo wa kusini unafanya kinyume: unawaleta nyumbani, lakini unawaleta juu ya mawe ya lava yenye makali, baada ya kutembea ziwa lote na kukusanya mawimbi. Na alfajiri hewa baridi inashuka kutoka milimani kwenda ziwani. Ni pumzi tu, huisikii, lakini inaisogeza kayaki nje wakati mnapiga picha. Ndiyo maana wenye ujuzi huondoka saa kumi na mbili na kuwa nchi kavu kabla ya saa tano. Wakiona wingu limejenga mnara juu ya vilima, au wakisikia ngurumo hata moja, safari imekwisha, hata kama mgeni amelipa.

Kuna jambo moja la kwenu ambalo halimo kwenye vitabu vya kayaki: mpaka na Rwanda. Unapita ndani ya maji, hauna ukuta wala kamba, na kutoka ufukwe wa Goma hadi maji ya Gisenyi ni dakika chache za kasia. Kundi likae karibu na ufukwe wake, na kiongozi aulize bandarini kabla ya kila safari ni wapi panaruhusiwa wiki hiyo, maana masharti yanabadilika.

Mwenzao akitolewa majini hapumui, waambie wasahau kukandamiza tumbo na kumning'iniza miguu juu ili "maji yatoke". Hayo yanapoteza muda na kumtapisha. Alazwe chali, kichwa kiinuliwe kidogo nyuma, apewe pumzi tano mdomo kwa mdomo, kisha asukumwe kifua: mara 30, pumzi mbili, mara 30, pumzi mbili. Hili halifunzwi kwa kusoma makala yangu. Linafunzwa kwa mikono, na Msalaba Mwekundu hufundisha. Na hata akizinduka akasema yuko sawa, kama anakohoa au anahema kwa shida, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Nije kwenye moyo wake. Uliandika kwamba alikuwa anaruka mlango ukigongwa, tena halali, na sasa analala. Sitakuambia kayaki ni dawa, lakini sishangai. Anaamka mapema, mwanga wa asubuhi unampiga machoni, mwili unachoka uchovu wa kweli; usingizi unajua njia ya kurudi hapo. Kasia lina mdundo, kushoto, kulia, na pumzi inafuata mdundo. Yuko na watu wanaomngoja akichelewa. La zaidi ni hili: mtu aliyepitia mambo mabaya, mwili wake umejifunza kwamba moyo ukidunda kwa kasi basi kuna balaa. Ziwani moyo unadunda, wimbi linapita, anabaki juu, anacheka. Mara hamsini. Mwili unaanza kujifunza somo lingine.

Ila mpime kwa Jumamosi ambayo haendi. Mvua ikizuia wiki mbili, anakuwaje? Akiwa na huzuni kidogo, sawa. Lakini usingizi ukitoweka, ndoto mbaya zikirudi, au akianza kukwepa barabara fulani na watu fulani, basi ziwa linafunika kidonda tu, na anahitaji kukaa na msaikolojia uso kwa uso. Kuna tiba ya mazungumzo inayosaidia sana kwa hali hiyo. Angalia pia upande wa pili: akianza kutoka peke yake, kuvua jile, kutafuta mawimbi makubwa zaidi kila mara, huo si ushujaa. Na akitamka hata kwa utani kwamba hajali kufa, usisubiri Jumatatu.

Chuo sasa. Sitasema utalii wa michezo ya aina hii ni ndoto. Jinja, Uganda, vijana wengi wamelisha familia kwa kushusha wageni kwenye maporomoko ya Nile kwa boti za mpira. Kwetu, kisiwa cha Tchegera kimewahi kuwapokea wageni wa Hifadhi ya Virunga waliotaka kupiga kasia baada ya kupanda Nyiragongo. Lakini tazama pia upande unaouma. Bwawa la Bujagali lilipokamilika mwaka 2012, maporomoko ambayo biashara ya Jinja ilianzia yalikuwa yameshafunikwa na maji, wakalazimika kuhamia chini zaidi ya mto. Virunga, hifadhi ya tangu 1925, ilifunga milango kwa wageni katikati ya 2018 hadi mwanzoni mwa 2019, ikafunga tena kwa korona 2020, na yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Kiongozi asiye na kazi ya pili, siku hizo anakula nini?

Kwa hiyo mimi ningemwambia: jifunze, na chuo kiendelee. Wateja wa Jumamosi na Jumapili hawagongani na masomo ya Jumatano. Tena wateja wenyewe kwa sasa wasingojewe kutoka Ulaya. Goma ina familia, wanafunzi, wafanyakazi wa mashirika, watu wanaokaa mita mia mbili kutoka ziwani na hawajawahi kuligusa zaidi ya kunawa miguu. Hao wakilipa kidogo kila wiki ni bora kuliko mgeni anayelipa sana mara moja. Akimaliza chuo akiwa na Kifaransa kizuri, hesabu, na cheti cha huduma ya kwanza, kundi ndilo litamhitaji yeye.

Usimzuie, basi, lakini usimwache hivihivi. Jumamosi ijayo nenda naye. Muulize kiongozi wa kundi: nani kati yenu amejaribu kupanda tena mwezi huu? Mnatoka wangapi, na nani nchi kavu anajua saa ya kurudi? Simu mnaiweka wapi isilowe? Maji ya kunywa mnabeba, au mnachota ziwani? Kipindupindu hakijahama Goma. Akijibu kwa kuonyesha, umepata watu. Akijibu kwa hasira, mrudishe binti nyumbani na mtafute kundi lingine.

Akikukaribisha upande kayaki, panda. Mtumie kiongozi ujumbe Ijumaa umwambie uzito wako, maana jile za watu wa umri wetu huwa chache na wanazitoa kwanza kwa waliowahi.